Droo ya Chini

Alhamisi ya mwisho, Mukuru kwa Reuben.
Nesi Kerubo amekwisha funga dirisha la dawa,
nami nimebaki na droo moja ambayo sijaikung'uta.

Nilikuja hapa na neno zuri, sonona,
nimelitoa kamusini, limepigwa pasi.
Nikauliza benchi zima: nani ana sonona?
Benchi likanitazama kama nimeuliza nani ana ngamia.

Walikuwa na mengine.
Walikuwa na kichwa kinachochemka bila moto,
moyo unaokimbia mtu akiwa amekaa,
mawazo, daktari, mawazo tu.
Nafuna, anayefulia watu nguo South B, alisema:
Mwili umenigomea.
Naamka, nautuma ukachote maji, unakataa.
Nikayaandika maneno yake palepale,
nikalikata lile la chuoni.

Tangu hapo sikuuliza tena habari za huzuni.
Niliuliza: jiko uliliwasha lini mara ya mwisho?
Mtoto wa jirani akilia, unamsikia?
Ukifika gengeni bado unachagua nyanya,
au unachukua zozote unazopewa?
Anayechagua nyanya bado yuko nasi.

Niliosoma nao wako Upper Hill,
wana zulia, na samaki ndani ya kioo.
Mimi nilipewa chumba cha mabati.
Mvua ikinyesha tulinyamaza wote wawili,
mgonjwa na mimi, tukiingoja imalize kusema.
Wengine walilia humo humo,
ndani ya ile kelele, ambamo hakuna wa kusikia.

Sitasema niliwaponya.
Wanza alikuja siku ambayo dawa zilikuwa zimekwisha.
Nikamwambia, rudi Jumatatu.
Nilisema kwa sauti ile ya mtu anayesema rudi Jumatatu.
Jumatatu aliyekuja ni dada yake,
ameshika kadi ya kliniki kwa mikono miwili
kama anayerudisha sahani ya watu.

Kadi hiyo imo drooni.
Limo gazeti lililofungiwa mayai matatu,
malipo niliyokatazwa kupokea. Niliyapika.
Imo picha ya mtoto aliyepewa jina langu
kwa siku tatu, hadi bibi yake alipokataa.

Na mpaka leo mchana ilikuwamo kamba.

Mbuvi, mvuta mkokoteni, aliiweka mezani
mwaka ule walipobomoa nyumba kando ya reli.
Nitunzie, alisema. Nisilale nayo chumba kimoja.
Sikuuliza ya nini. Nilimsogezea kiti.
Alirudi wiki hadi wiki, miezi tisa,
vidonge na maneno, maneno na vidonge,
kisha siku moja hakurudi.
Nilimtuma Kerubo akaulize; wapangaji walikuwa wapya.
Kila Desemba nilipopanga droo
mkono wangu uliikwepa.

Leo saa nane mtu amechungulia mlangoni,
ana kipara, na kitambi kidogo cha amani.
Daktari, ile kamba yangu bado ipo?

Nimetafuta sauti, sikuipata.

Nahama, amesema. Njiru. Nimepata chumba chenye sakafu,
na godoro halitaki kukaa mkokotenini bila kufungwa.
Nikakumbuka nina kamba kwako.
Kununua nyingine ya nini?

Nimeitoa. Tumeikagua ncha hadi ncha
kama watu wawili sokoni wanaogombania bei.
Hapa imeliwa kidogo, amesema. Panya wako hao.
Lakini itashika.

Nje, benchi zima limegeuka kutazama:
daktari amevua koti, amekumbatia godoro,
na Mbuvi anapitisha kamba chini, juu, chini,
ulimi nje kidogo, kama mtoto anayeandika.

Vuta upande wako, amesema.
Vuta, daktari. Bado haijakaza.

Nimevuta.